Peni Naishika Mwenyewe

Lugano mwanangu,

Nilikuambia usiifungue bahasha hii mpaka basi lipite Makambako. Nakujua, umeifungua Uyole. Si neno. Nilichotaka ni uisome ukiwa umeshakaa kwenye kiti, mlango umefungwa, na dereva hana nafasi ya kukusikiliza.

Naandika mchana huu, mvua yetu ya siku zote inanyesha polepole juu ya migomba, na wewe umeteremka Tukuyu kutafuta viatu vya kazi. Kesho alfajiri unaondoka kwenda Dodoma, na kutoka huko Singida, kuchimba visima. Sitakuandikia habari za soksi, wala za chakula, wala za marafiki wabaya. Una miaka ishirini na minne, na tangu baba yako atutoke umejipikia na umenipikia. Nataka tuzungumze juu ya sindano. Tukizungumza mdomo kwa mdomo unanikatiza: "Mama, tuyaache hayo." Leo huwezi kunikatiza.

Unakumbuka vidonge viliposhindwa, hospitali wakaniambia sasa ni insulini. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyesomewa hukumu. Hapa Kawetele wanasema mtu akishaanza sindano basi, mkeka wake umeshatandikwa. Nami niliamini. Hata peni yenyewe, ile sindano ya insulini iliyo kama kalamu, sikutaka kuiangalia. Uliyeichukua ni wewe. Kila jioni redio ikianza taarifa ya habari, unanawa mikono, unakuja, unaniambia, "Mama, tumbo," na kabla sijakunja uso umeshamaliza. Vijana wenzako walikuita nesi. Niliwasikia siku moja pale njiani, wakicheka. Na wewe ukawajibu, "Nesi, ndiyo. Mgonjwa wangu anapika vizuri kuliko mama zenu." Nilicheka peke yangu nyuma ya ua. Lakini nilicheka nikiwa nimekaa mahali pabaya, Lugano, kwa sababu tayari nilikuwa nimekuachia mwili wangu kama mtu anavyomwachia jirani ng'ombe amlishie.

Ndipo ukapata ile kazi ya kuchomelea mageti kule Kiwira, ukaenda kwa siku kadhaa. Ukaniachia peni, ukanionyesha, ukaniambia usiguse namba, yuniti kumi na nane kila jioni, basi. Asubuhi ya kwanza nikapima sukari, mashine ikasoma kumi na nne. Nikaogopa, halafu nikakasirika. Unajua hasira yangu. Nikasema, huu ugonjwa unanidharau kwa sababu mwanangu hayupo. Jioni nikazungusha ishirini na nne. Kesho yake bado iko juu. Nikazungusha thelathini. Nilijichoma kwa hasira, kama mtu anayempiga punda asiyekwenda. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba insulini ile ya muda mrefu haijibu siku hiyohiyo. Inajikusanya. Ni kama manyunyu haya ya kwetu, unayaona madogo, unatoka bila koti, na ukifika huko unakokwenda umelowa mpaka mifupani.

Siku iliyofuata dada yangu aliniita Isongole kumsaidia kuchimba viazi. Nilikunywa chai kavu, nikapanda bodaboda. Tukachimba tangu jua halijatoka vizuri. Karibu na saa sita mikono ikaanza kutetemeka na jasho likanitoka kwenye ule ubaridi wa Isongole ambako hata anayelima hatoki jasho. Nikamwambia dada, "Nina njaa kidogo." Hayo ndiyo maneno ya mwisho ninayoyakumbuka. Walinikuta kati ya matuta, uso kwenye udongo. Mmoja akasema nimelewa, mwingine akasema nimetupiwa kitu. Dada yangu ndiye aliyepiga kelele kwamba nina sukari, akanipaka asali ndani ya shavu kwa kidole mpaka nikafungua macho, kisha wakanipakia. Shukrani zake zimo moyoni mwangu mpaka kesho, ingawa baadaye daktari alisema mtu aliyezimia asiwekewe kitu mdomoni, anaweza kupaliwa. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Wewe ulifika hospitali na vumbi la chuma bado liko kwenye nywele. Ulinishika mguu juu ya shuka, ukaushikilia.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba wiki ileile watu wa visima walikuwa wamekuita. Nilikuja kujua kwa Mama Zuhura. Unamfahamu, yule mwenye duka la vitenge pale Tukuyu, ambaye tunakutana naye kwenye benchi la kliniki kwa sababu na yeye ana sukari. Mpwa wake ndiye aliyekuunganisha. Nilipita dukani kwake kumsalimia, akaniambia bila kuzunguka, "Bupe, mwanao amekataa kazi. Amewaambia ana mgonjwa."

"Mgonjwa gani?" nikamuuliza.

"Wewe, mama. Kwani nyumbani kwenu kuna mwingine?"

Nilitembea kutoka pale mpaka nyumbani kwa miguu. Sikukuambia kwamba nimejua. Nikapika. Ulikula ndizi na maharage ukaniambia leo zimeiva vizuri. Nilitaka kukupiga na mwiko.

Sasa nafika pale usipopapenda. Hospitali waliporuhusu nitoke walishusha dozi mpaka kumi na nne, wakasema tuangalie. Ukairudisha peni mikononi mwako, na mimi nikakuachia tena, kwa aibu ya kile nilichokifanya. Miezi ikapita. Macho yakaanza kuwa na ukungu. Kile kidonda cha kisigino, nilichokipata kwa kiatu tu, kikakataa kufunga. Nikawa nakojoa usiku kucha. Kila asubuhi mashine inasoma kumi na tano, kumi na sita, na wewe unasema, "Inapanda kwa sababu ya baridi, Mama." Lakini peni ile inalia, Lugano. Kila yuniti unayoizungusha inatoa kamlio, tik. Macho yalikuwa yameanza kunisaliti, masikio bado ni ya yule mama aliyekuwa anakusikia ukiiba sukari jikoni. Kila jioni nilihesabu. Mara kumi. Nikasema labda nimesinzia. Kesho yake nikahesabu tena. Kumi.

Siku ile kliniki daktari, yule binti mrefu ambaye angeweza kuwa dada yako, alitazama kisigino, akatazama mashine, akauliza, "Mama, jioni unachoma yuniti ngapi?"

Ukajibu wewe. "Kumi na nne, dokta."

"Si kweli," nikasema. "Kumi."

"Mama, macho yako..."

"Macho hayaoni. Inalia mara kumi."

Ukainamisha kichwa. Daktari hakukaripia. Halafu ukasema kwa ile sauti uliyokuwa nayo ulipokuwa mdogo, "Niliogopa, dokta. Alianguka. Nisingeweza kumwona vile tena."

Sijawahi kukuambia nilichohisi. Nilikuwa na hasira mpaka meno yakauma, na wakati huohuo nilitaka kukubeba mgongoni. Mimi nilipandisha dozi kwa hasira, wewe ukaishusha kwa mapenzi, na wote wawili tulikuwa tunaniua. Ulinipenda kwa yuniti kumi, mwanangu. Hazikutosha.

Daktari alikuomba usubiri nje. Ulipofunga mlango alivuta kiti karibu, akaniambia, "Mama, kijana wako si mbaya. Ila sukari haijui nani anakupenda. Nani anaishika peni?"

"Yeye."

"Kwa nini si wewe?"

Nikamwambia mikono yangu ni ya jembe. Akaishika, akaitazama, akasema mikono inayochuma majani mawili na kichipukizi siku nzima bila kuharibu mti wa chai haiwezi kushindwa na peni.

Akanifundisha. Si maneno mengi. Kwamba insulini hii inahukumiwa asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni, tena si kwa asubuhi moja. Asubuhi moja inaweza kusema uongo, kama shahidi mmoja. "Angalia tatu," akasema. "Zote zikiwa juu ya saba, ongeza yuniti mbili. Si sita, mama. Mbili. Halafu usiguse tena mpaka asubuhi nyingine tatu zipite. Ikishuka chini ya nne, hata mara moja, kunywa sukari kwanza, jioni punguza nne, na unipigie simu." Nikamuuliza nikiumwa homa je, nikishindwa kula je. Akasema insulini siiachi kabisa, nimpigie. Nikamuuliza tukipata wageni tukala ugali saa nne usiku na asubuhi ikapanda, je? Akacheka. "Hapo punguza ugali, insulini unaionea bure." Akaniambia huo ni mpango wangu mimi, ameupima kwa mwili wangu, na jirani akiutaka nimlete kwake badala ya kumgawia kama mbegu.

Nilitoka mle ndani nikakukuta umesimama ukutani. Ukanyoosha mkono unibebee mfuko. Nikakataa. Unakumbuka? Ulidhani nimekukasirikia kwa uongo. Ulikuwa mfuko wenye peni.

Jioni ile redio ilipoanza ulinawa mikono kama kawaida. Nikakuambia kaa. Ukasema, "Mama, ngoja nikushikie tu." Nikakuambia toka nje. Tuligombana mpaka kuku wakaamka. Uliniambia mimi ni mbishi kama marehemu baba, nikakuambia ndiyo, nilimzidi hata yeye. Ukatoka, ukasimama barazani kwenye mvua, nami nikabaki na ile sindano ndogo isiyofika hata urefu wa ukucha. Nilizungusha, nikahesabu kwa sauti ili usikie huko nje. Kumi na mbili, yaani mbili juu ya zile kumi ulizokuwa unanichoma. Nikachoma. Nikaendelea kuishikilia, nikahesabu mpaka kumi kama alivyosema, nikatoa. Haikuuma. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeogopa kitu kisichouma kwa muda mrefu hivyo.

Nilipanda mbili mbili, asubuhi tatu tatu, kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Mara mbili nilisimama, sikuongeza, kwa sababu asubuhi moja ilikuwa nzuri. Wewe ulikuwa unapita mlangoni ukijifanya unatafuta nyundo. Nilipofika ishirini, asubuhi zikaanza kusoma sita, saba, sita. Kisigino kikafunga. Ukungu wa macho ukapungua, ndiyo maana hata barua hii naandika mwenyewe, na ukiona mistari imepinda ujue ni shule yangu, si sukari.

Halafu watu wa visima wakakuita tena, na baba yako mkubwa Ambakisye akaja.

Alikuja na mke wake, wakakaa, akanywa maziwa mgando yote kabla hajasema. Ulikuwepo, lakini nataka uyasikie tena kutoka kwangu, maana siku ile ulikuwa unatazama sakafu.

"Mama Lugano," akasema, "mtoto wa kiume hamwachi mama mgonjwa. Akiondoka huyu, wewe tutakuokota."

"Mtaniokota wapi, shemeji? Siendi popote."

"Tumeshauriana kwenye ukoo. Kijana abaki. Akishindwa kubaki, wewe uhamie kwangu, mke wangu hapa awe anakuchoma."

Nikamtazama mke wake, mtu mwema ambaye akiona damu ya kuku anafumba macho. Nikamwambia, "Ndaga fijo, shemeji. Asante sana. Lakini mwili wangu si shamba la ukoo, hamuwezi kuugawana."

Akatikisa kichwa. "Kiburi. Leo asubuhi sukari yako ilikuwa ngapi?"

"Tisa."

"Unaona! Na bado unasema unajiweza."

"Ilikuwa tisa kwa sababu jana tulikuwa kwenye maombolezo, tukala usiku. Leo sitaigusa dozi. Kesho nitaangalia, na kesho kutwa. Wewe ungefanya nini, shemeji?"

Hakukubali, tusimsingizie. Aliondoka akisema mimi ni mwanamke mgumu na kwamba yeye ameshanawa mikono. Mpaka leo anasema hivyo pale kilabuni. Mwache aseme. Wapo pia walioniletea majani ya kuchemsha, wakaniambia niitupe peni, na yule mama wa kikundi cha maombi aliyeniambia kuchoma sindano kila siku ni kukosa imani. Nilimwambia Mungu aliyempa mtu akili ya kutengeneza insulini ndiye huyohuyo ninayemwomba, na kwamba akipenda tutasali wote nikimaliza kuchoma. Alikaa, tukasali.

Lugano, sikuandikii kukuambia nimepona. Sitapona. Huenda nitaanguka tena. Sina mkataba na ugonjwa huu. Nimewaambia majirani wa pande zote mbili dalili zangu, na sukari iko mfukoni mwa koti, na nyingine kwenye kapu la kuchumia chai, na Mama Zuhura hunipigia kila Ijumaa baada ya kutoka kwenye swala ili kunitukana na kunijulia hali. Lakini siku nikianguka, nitakuwa nimeanguka kwa sukari, si kwa sababu uliondoka. Shika hilo. Mtu akikupigia simu akakuambia, "Ungekuwepo...", mkatie simu. Hata akiwa baba mkubwa. Uliwahi kuwepo, nami nilikuwa ninaharibika mbele ya macho yako, kwa yuniti kumi.

Na usinipigie kila jioni kuniuliza nimechoma ngapi. Sitajibu. Niulize ng'ombe amezaa, niulize nani ameoa, niulize kama bado nagombana na kiongozi wa kwaya. Mimi nitakuuliza mmefika chini mita ngapi na maji yana ladha gani. Nataka kuwa mama wa mtu anayewapa watu maji, nimechoka kuwa mgonjwa wa mtu.

Lipo jambo moja ambalo sikukuambia, na ndilo hasa nililokaa chini kuandika.

Wiki iliyopita, zile siku mbili tulipochuma chai mfululizo kuwahi gari la kiwanda, nilirudi nimechoka, nikala kidogo, nikachoma ishirini kama kawaida, nikalala. Niliamka jogoo wa kwanza hajawika. Nguo imelowa jasho, midomo inawasha, moyo unapiga kama mtu anayetwanga. Nikajua. Nikawasha tochi ya simu, nikapima. Tatu nukta nne.

Wewe ulikuwa umelala chumba cha pili. Ukuta wetu ni wa mbao, nilikuwa nakusikia ukikoroma. Ningesema jina lako mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, ungekuwa umefika kabla sijalimaliza. Nilifungua mdomo, Lugano. Nakuambia ukweli, nilifungua mdomo. Halafu nikaufunga, nikachukua kikombe, nikakoroga vijiko vya sukari kwenye maji, nikanywa chote, nikakaa kwenye kigoda na mikono katikati ya magoti nikingoja. Ulikuwa ni muda mrefu kuliko uchungu wa kukuzaa. Nikapima tena. Tano na kidogo. Nikala gimbi lililobaki jana.

Sikukuita, na haikuwa kwa kukuficha. Nilitaka kujua kama ninaweza, kabla hujaondoka, wewe ukiwa karibu kiasi cha kuniokoa na mbali kiasi cha kutoniona. Kulipopambazuka nikampigia daktari, nikamwambia habari za chai na chakula kidogo. Akaniuliza, "Sasa jioni unafanya nini?" Nikamwambia naizungusha mpaka kumi na sita, nangoja asubuhi tatu. Akasema, "Basi mbona umenipigia, mama? Umeshajijibu." Nikamwambia nilimpigia kwa sababu aliniambia nipige. Jioni redio ilipoanza nilizungusha kumi na sita, ukiwa umekaa palepale ukifunga mkoba wako, hata hukugeuka. Asubuhi zilizofuata zimesoma sita, sita na nusu, saba kasoro.

Ila asubuhi ile yenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimeshaamka, niliwasha moto. Ukatoka chumbani ukipikicha macho, ukaniuliza, "Mama, mbona leo chai mapema hivi?"

Nikakuambia nimeamka na kiu. Ukakaa, nikakumiminia.

Mimi mama yako,
Bupe